Bi Kazija na Maana za Maalim Badi

Maalim Badi wa Siyu alimkuta mbuzi wa pekee wa mjane Bi Kazija akila mchicha wake, akamfunga ili awachinjie wanafunzi.

"Neno 'ajuzi' la Kiarabu lina maana tele," alijigamba barazani mbele yao, Bi Kazija alipokuja kumwomba mbuzi wake. "Bibi kizee, sindano, mvinyo, sungura. Nitajie nisiyoijua, ajuza wee, nikurudishie mbuzi."

Bi Kazija akakuna kichwa. "Ajuzi ni mbuzi wa mjane pia. Mwanachuoni akimla, husahau elimu yake yote."

"Naijua hiyo! Imo katika mashairi ya kale!"

"Basi mchinje, mwanangu. Ukisahau, pole. Usiposahau, wanafunzi wako watajua umewadanganya."

Mbuzi alifunguliwa kabla ya alasiri. Maana ile Bi Kazija aliitunga palepale, akikuna kichwa.