Pete ya Kupimia Ubongo

Hodi, wasikilizaji.
— Karibu na maneno yako.
Nilete ya kweli au ya uongo?
— Changanya, tutachambua wenyewe.
Basi sogezeni vigoda, maana hii inaniudhi hata kabla sijaianza.

Hapo kale, mwaka ambao mvua ilipotea njia, mito yote ilikauka. Likabaki bwawa moja tu chini ya kilima cha mawe. Bwawani aliishi Kiboko. Kilimani aliishi Pimbi, mama wa watoto wawili, mdogo kiasi cha kujificha nyuma ya chungu.

Kiboko aliyatamani maji yale yawe yake peke yake. Siku moja akaokota fuvu la nyumbu matopeni. Akachungulia ndani, akachungulia tena, kisha akawaita wanyama wote.

"Nimegundua jambo," akasema. "Tabia ya kila mmoja wetu imo katika ubongo wake. Ubongo una vyumba. Upole una chumba chake, subira ina chumba chake, ukarimu una chumba chake. Ubongo mkubwa una vyumba vingi na tabia njema. Ubongo mdogo una chumba kimoja tu, na humo hukaa wizi."

Akatundika kwenye tawi pete ya ubugu, mmea wa kamba, uliokuwa umejisokota wenyewe. Atakayepitisha kichwa katika pete ile, akasema, ubongo wake ni mdogo, na yeye ni mwizi wa kuzaliwa. Hatakunywa mpaka wenye vichwa vikubwa watosheke.

Akaja Digidigi. "Weka kichwa." Akaweka. Swii, kikapita. "Mwizi. Kaa kando."

Akaja Kicheche. "Weka kichwa." Akaweka. Swii, kikapita. "Mwizi. Kaa kando."

Akaja Pimbi na wanawe. "Weka kichwa." Akaweka. Swii, kikapita, na mabega nusura yafuate. "Mwizi. Kaa kando."

Pimbi hakukaa kando. Damu ilimpanda hadi masikioni.

"Mzee Kiboko, nimeiba nini?"

"Bado hujaiba. Lakini utaiba. Ndivyo ulivyoumbwa."

"Na wanangu hawa?"

"Hao wamerithi."

Angeitwa mbaya wa sura angevumilia, maana pimbi wanajijua. Lakini mwizi, tena mbele ya watoto. Njiani kurudi kilimani, binti yake mdogo akamuuliza, "Mama, tuliiba lini?" Pimbi akambeba mgongoni, akaongeza mwendo.

Wenye vichwa vikubwa walikunywa hadi jioni. Wenye vichwa vidogo wakaachiwa tope la kulamba. Pundamilia alipopita alimwambia Pimbi, "Pole, mama, lakini kipimo ni kipimo." Pole ile ilimchoma kuliko kiu.

Siku ya tatu yule binti mdogo alishindwa kupanda jiwe. Alilala chini yake tu, akihema. Pimbi akamtazama, kisha akashuka bwawani, akalainisha sauti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwizi."

Akalimeza na hilo. "Mzee, nimekaa kando nikakuangalia unavyopima. Pete yako ni ndogo mno. Nyati anapona, Pundamilia anapona. Kwani ubongo wao umefikia wako?"

Kiboko akaacha kutafuna. "Haujafikia."

"Sasa mbona wanakunywa sawa na wewe?"

Kiboko akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa na vyumba vingi vya kuzunguka.

"Nisukie pete kubwa," akasema. "Vidole vyangu havifungi fundo."

Pimbi akakata ubugu kwa meno, kru, kru, kru. Akasuka pete pana, akaifunga tawini kwa fundo la kuteleza: ukiisukuma mbele inatanuka, ukiivuta nyuma inakaza. Kiboko hakutazama fundo. Alitazama maji, akiyahesabu kuwa yake.

Kesho yake akaja Pundamilia. "Weka kichwa." Akaweka. Swii, kikapita. "Mwizi. Kaa kando."

"Mimi?" akauliza Pundamilia.

"Kipimo ni kipimo," akasema Pimbi.

Akaja Nyati. Akapitisha pembe moja, akapitisha ya pili. Swii. "Mwizi. Kaa kando." Nyati akaanza kukwangua ardhi kwa kwato.

Hakubaki hata mmoja wa kunywa. Kiboko akafungua kinywa ayavute maji, Pimbi akamwahi.

"Mzee, watu wasije wakasema hukupimwa. Weka kichwa nawe, wauone ubongo wako."

Kiboko akacheka, ho, ho, ho. Akasogeza kichwa mpaka kwenye pete. Kikagoma. Akageuka kuwaonyesha wote. "Mmeona?"

"Walio nyuma hawajaona," akasema Pimbi. "Sukuma kidogo."

Akasukuma. Fundo likateleza. Pete ikatanuka, ikapanda puani, ikapita machoni, ikaruka masikio, pu, ikatua shingoni. Kiboko akarudi nyuma, ikakaza. Akavuta, ikakaza zaidi.

Nyati akauliza polepole, "Kimepita au hakikupita?"

"Hii ni kamba tu," akakoroma Kiboko. "Kamba inajua nini? Tabia ya mtu haipimwi kwa kuzungushia kichwa kamba."

"Sema tena," akasema Nyati, "wasikie walioko kilimani."

Akasema tena, kwa sauti nyembamba, maana shingo ilibanwa.

Wanyama wakashuka majini, wakubwa kwa wadogo. Pimbi alimbeba binti yake mgongoni, akamnywesha mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha akamwendea Kiboko, akasimama mbele ya kile kichwa kikubwa.

"Ukitaka niikate, kuna neno uliloniita mbele ya wanangu. Lirudishe mbele yao."

Kiboko akawageukia wale watoto wawili.

"Mama yenu si mwizi," akasema. "Na ninyi si wezi."

Pimbi akakata kamba, kru, kru. Hakumwambia asante.

Nimefika mwisho, aliyesinzia aulize jirani. Na funzo lake, wasikilizaji, ni hili: tabia ya kila mtu imeandikwa katika ukubwa wa ubongo wake, hilo halina ubishi hata kidogo, ilimradi anayeshika kipimo ni wewe.