Kata ya Kwanza ya Kisima cha Safari

Nikisema "Shikeni pua," nanyi semeni "Tumeshika." Shikeni pua! Haya, zishikeni vizuri, maana hadithi yangu ya leo inanuka, na mimi sitaipulizia marashi.

Palikuwa na mji wa bandari, mkongwe, ambao sitautaja jina kwa sababu wenyewe wapo hapa wananisikiliza. Una ngome yake, una msikiti wake wa mnara mfupi, una milango ya nakshi ambayo wageni hupiga picha mbele yake mpaka wenye nyumba wanashindwa kutoka. Na nyuma ya forodha ya kale una Kisima cha Safari. Zamani hakuna baharia aliyepanda chombo bila kunywa kata moja ya maji yake, kwani ilisemwa kwamba aliyeyanywa lazima arudi salama kwao.

Sasa sikilizeni walivyokitenda. Walianza na maganda ya ndizi. Yakafuata matumbo ya samaki, zikafuata nepi za watoto, kisha wanaume wazima, wenye kanzu zilizopigwa pasi, wakawa wanauelekea ukuta wake na kukojoa. Miaka thelathini! Kisima kikajaa mpaka juu, kikawa jaa. Waongozaji wa wageni wakifika kona ile walisema, "Huku hakuna kitu," wakageuza njia. Watu husema mavi ya kale hayanuki. Aliyesema hivyo hakupita nyuma ya forodha yetu.

Nimesema yetu? Basi, imeshanitoka.

Katika mtaa ule walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Bi Mwanakheri, bibi wa dirisha la ghorofani, alikuwa na kumbukumbu. Hakusahau jiwe wala neno. Famau, mzibua vyoo, alikuwa na tumbo lisilojua kinyaa. Na Fundi Shebwana alikuwa na mikono ya chokaa: ukuta wa matumbawe uliopasuka, yeye aliuziba hata mdudu chungu asipite.

Mwaka mmoja maji ya bomba yakaingia chumvi. Chai ikawa haipikiki, watoto wakaharisha, na kina mama wakawa wanavuka mji mzima kutafuta ndoo moja ya maji baridi. Ndipo Bi Mwanakheri aliposhuka ngazi zake, akasimama mbele ya lile jaa na kupiga fimbo chini.

"Kinywa cha kisima ni hapa," akasema. "Si pale kwenye kichochoro, ni hapa, hatua saba toka mlango wa forodha. Na chemchemi iko upande wa kibla. Chimbeni hapa." Bila yeye wangechimba mtaa mzima.

Famau akajifunga kamba kiunoni akashuka. Siku arubaini alishuka. Alitoa tope jeusi, alitoa mizoga ya paka, alitoa vitu ambavyo nikivitaja mtaniachia kikao. Waliokuwa wakipita walifunika pua kwa kanga, na wenye maduka wakamwambia asipite mbele yao. Waliotupa uchafu ule walimwonea kinyaa aliyeutoa! Nyani haoni kundule. Siku ya arubaini na moja, maji yakachomoza upande wa kibla, lakini yakachomoza ya manjano.

Fundi Shebwana akateremka na taa, akaupapasa ukuta jiwe kwa jiwe. Akalikuta bomba la choo lililofichwa nyuma ya matumbawe, linadondokea ndani. Akalikata, akaliziba, akapiga lipu ya chokaa mara tatu. Baada ya siku kumi maji yakawa meupe na matamu, hata ungeiona sindano chini.

Watu wakafurahi, lakini hawakuchota. Kisima kile kina mila yake: kikifufuliwa, lazima mtu mmoja, mmoja tu, anywe kata ya kwanza, naye ndiye aliyekifufua. Huyo atakuwa mwenye kisima mpaka kufa, na ufunguo wa lango la kisima utakaa kiunoni mwake. Kabla hajanywa, halichotwi hata tone.

Basi Ijumaa baada ya sala mtaa ukakusanyika. Mzee Abeidi, mzee wa mtaa, akaishika kata mkononi. "Nani aliyekifufua?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Bi Mwanakheri. "Nisingekumbuka, mngekuwa mnachimba vyoo vyenu hadi leo."

Famau, aliyekuwa amesimama mbali kwa mazoea, akasogea. "Shikamoo bibi. Lakini aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Kule chini nimekuta vigae vya sahani zako za maua ya buluu, tabaka juu ya tabaka, miaka thelathini ya mabaki ya jikoni kwako. Unapakumbuka sana kwa sababu ulikuwa ukimwagia pale pale."

Fundi Shebwana akacheka. "Na wewe, Famau? Vyoo ulivyozibua mtaa huu, ndoo zake ulizipeleka wapi? Nilikuona kwa macho yangu. Hukuona kinyaa kuvitoa kwa sababu hukuona kinyaa kuvitia!"

"Ulimwona ukiwa wapi, Fundi?" akauliza Bi Mwanakheri taratibu. "Maana na mimi nilikuwa dirishani. Wewe ulikuwa umeinama ukutani, unalilaza lile bomba la choo. Hukulitafuta, mwanangu. Ulilikumbuka."

Hakuna aliyekana kati ya watatu wale.

"Nilitia, na nimetoa," akasema Famau mwishowe. "Nani mwingine hapa ametoa?"

Watu wakaguna, "Astaghafirullah!" Mmoja akapaza sauti kwamba yeye hanywi nyuma ya mdomo wa mzibua vyoo, mwingine akasema afadhali huyo kuliko bibi mnafiki, wa tatu akasema fundi aliyeuficha uchafu ndani ya ukuta ni mbaya kuliko wote. Wengine wakatema mate kwa kinyaa. Wakayatemea wapi? Pale pale, kwenye ukuta wa kisima. Wallahi nilitamani kutapika, na si kwa sababu ya vyoo.

Mzee Abeidi akaigeuza kata mkononi, akamtazama bibi, akamtazama mzibua vyoo, akamtazama fundi. Kisha akaitundika msumarini, akafunga lango, akasema anakwenda kufikiri.

Bado anafikiri. Maji matamu yako mle ndani, na watoto wa mtaa wanaendelea kunywa chumvi. Jana nimepita pale. Kwenye komeo la lango mtu ametundika mfuko wa plastiki, ameufunga fundo zuri, na unavuja.

Haya, ziachieni pua mjibu. Bila kumbukumbu ya bibi, kinywa cha kisima kisingejulikana. Bila tumbo la Famau, tope lisingetoka. Bila mikono ya fundi, maji yasingetakata. Na kila mmoja alikisafisha kwa ujuzi alioupata alipokuwa akikichafua. Kata ni moja, mdomo ni mmoja. Je, wewe ungempa nani?

Jibu upesi, kabla hawajatundika mfuko wa pili. Ila kabla hujafungua kinywa, nionyeshe kwanza ndoo yako unaimwaga wapi.