Kikao cha Usalama wa Watoto

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Haya, wakubwa kwa wadogo, tegeni masikio. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanalima, palikuwa na kijiji bondeni. Asubuhi watoto walikwenda shule. Adhuhuri shule ikafungwa. Mama zao walikuwa bado kondeni, mpaka jua lizame. Na katikati hapo? Katikati hapo palikuwa na mto, na mtoni palikuwa na Chatu.

Kanga aliliona hilo, likamnyima raha. Akafagia uwanja nyuma ya kichuguu, fya, fya, fya. Akawaita watoto. Akawafundisha kusuka ukili, kuimba, kusoma nyayo. Wakaja, wakajaa. Lakini mtoto mwenye njaa haimbi, na Kanga hakuwa na uji.

Ghala la kijiji lilikuwepo. Kila mavuno, kila nyumba ilitia humo kapu la mtama, kwa ajili ya watoto wa wote. Mwenyekiti wa ghala alikuwa Mzee Ngiri. Katibu wake, Kasuku.

"Hodi! Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Sema."

"Watoto wana njaa. Naomba mtama wa uji."

"Hoja nzuri!" akasema Ngiri.

"Nzuri sana!" akadakia Kasuku.

"Tutaiitishia kikao."

Na kijiji kile kilikuwa na desturi yake: kikao hakifunguliwi kwa tumbo tupu. Mtama ukatoka ghalani, ukasagwa, ukasongwa. Wakala. Wakashiba. Wakasinzia, khorr, khorr. Kikao kikaahirishwa.

Kanga akarudi. Kikao kikaitishwa tena. Wakala tena. Kanga manyoya yakamsimama.

"Mzee wangu, hicho mnachokula ndicho ninachoomba!"

"Tulia, binti. Mambo ya watoto hayataki pupa."

"Hayataki pupa!" akadakia Kasuku.

"Pupa ninaiona hapo sahanini," akasema Kanga. Akaambiwa hana adabu.

Siku moja akawaona wanakuja uwanjani kwake, mikeka kwapani, vyungu kichwani.

"Kikao cha leo ni kikubwa," akasema Ngiri. "Tunajadili usalama wa watoto baada ya shule. Na hapa kwako pana upepo mzuri. Watoto watupishe."

"Wawapishe waende wapi?"

"Wakacheze!"

Wakacheze! Mmesikia, jamani? Wakubwa wakakaa kivulini kuwajadili watoto, watoto wakafukuzwa juani. Wakaenda wapi? Semeni nyinyi.

Mtoni!

Kasuku alikuwa bado anausifu mchuzi ukelele uliposikika. Kanga akaruka, purr! Akamkuta Chatu amemviringa mtoto wa Digidigi, anabana, anabana. Akamdonoa jicho, ndo! Akamdonoa tena, ndo! Chatu akalegea, akatumbukia majini, chubwi! Mtoto akatoka hai. Lakini mguu wake mmoja haukunyooka tena.

Mama Digidigi akaja mbio, jembe mkononi. Ngiri akajifuta mdomo.

"Pole, mama. Jambo hili ni zito. Tutaliitishia kikao."

Mama Digidigi akakitazama chungu. Akamtazama mwanawe. Akashika njia ya ghalani, na akina mama wengine wakamfuata, majembe begani.

"Utaratibu, akina mama!" akapiga kelele Ngiri. "Utaratibu!"

"Utaratibu mmekwisha kuula, baba. Sisi tunafuata makombo," akajibu mmoja wao.

Wakatoa makapu yaliyobaki. Hayakuwa mengi. Wakayabeba mpaka nyuma ya kichuguu, wakayatua mbele ya Kanga. Kanga hakutoa hotuba. Akawasha moto, akakoroga, na kata ya kwanza akampa yule mwenye mguu uliopinda. Akanywa, akaomba nyingine.

Basi jueni: mali iliyowekwa kwa ajili ya watoto, apewe anayeshinda na watoto, tena mapema, kabla hawajaumia. Kumjadili mtoto si kumlea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyechomwa nayo asininunie mimi, akafungue ghala.