Sufuria la Zamda

Bibi mmoja wa Pangani aliletewa mjukuu. Mama wa mtoto alikuwa amepata kazi Mtwara, na kazi yenyewe haikuwa ya kwenda na mtoto mgongoni. Basi akamleta kwa mama yake mzazi pamoja na furushi la nguo, akambusu, akapanda basi analia. Bibi huyo aliitwa Bi Chausiku. Mtoto aliitwa Zamda, naye alikuwa bado wa umri ule wa kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Zamda hakuwa mkorofi. Afadhali angekuwa mkorofi! Alikula alichopewa, akaoga alipoambiwa, akalala kimya upande wa ukutani, kama mgeni anayengoja kupambazuke aondoke zake. Bi Chausiku akawa na dua moja tu: mtoto huyu aipende nyumba hii. Asipoipenda, mama yake hatakuwa na raha huko aliko, ataiacha kazi na kurudi mikono mitupu. Kila asubuhi bibi alimtazama mtoto akinywa chai bila neno, na roho ikamuuma.

Kitu kimoja tu kilimvuta mtoto yule, nacho ni mkate. Bi Chausiku alikuwa mpishi wa mkate wa kumimina, na mtaa mzima ulimjua kwa kazi hiyo. Mchele aliuloweka, akausaga, akauchanganya na tui la nazi, sukari, hamira na iliki, akauacha uumuke. Kisha aliumimina ndani ya sufuria, makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Harufu ikianza kutoka, Zamda alikuja. Alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono nyuma, akinusa. Kifuniko kikifunuliwa, mkate ukaonekana umepanda na kupiga rangi, uso wa mtoto ulichangamka kidogo. Mkate ukiondolewa, na yeye aliondoka.

Bi Chausiku akasema moyoni, alhamdulillahi, njia imepatikana. Nitampa zawadi ya kuokea.

Akaenda madukani. Huko aliona vyombo vya kuchezea vya plastiki: jiko la rangi ya waridi, vijiko, na keki iliyokwisha kukatwa vipande. Akakishika kipande kimoja cha keki ile, akakinusa mbele ya muuzaji, akakirudisha mahali pake. Keki gani hii isiyonukia? Aliona haya kumpelekea mtoto uongo wa namna ile. Hapo alikuwa na haki, msimcheke. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mbaruku, fundi wa masufuria, na fundi akamuuliza anataka la ukubwa gani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa. Nyote mnajua tunavyowanunulia watoto. Gauni la Idi lazima limfagie chini, mikono ikunjwe mara mbili. Viatu lazima vitiwe pamba mbele. Tunasema, atakua, na mwenye duka anaitikia, atakua. Bi Chausiku alikuwa mtu wa desturi hiyo hiyo, naye akaona zawadi itakayokuwa ndogo baada ya mwaka ni ya kazi gani. Akamwagiza fundi amtengenezee sufuria la mkate wa harusi, pana kama ungo, zito, lenye kifuniko cha ukingo wa kushikilia makaa. Litamfaa mpaka aolewe, alisema. Fundi akatengeneza kama alivyoagizwa.

Siku ya kulileta nyumbani, jirani yake, Mama Shali, aliligonga kwa kidole, likalia, akatikisa kichwa kwa kusifu. Mtoto huyu kapata bibi, akasema. Zamda akaitwa. Alipoambiwa ni lake, aliinama akalishika kwa mikono miwili, akavuta. Halikuinuka. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wanawake wakacheka kwa mapenzi, na Bi Chausiku akamwambia aliache, ataokea akikua. Akalifunga kwa kanga, akaliweka stoo nyuma ya gunia la mchele, akaushindika mlango. Alijisikia mwepesi, maana zawadi ilikwisha kutolewa.

Lakini mtoto hakuchangamka. Tena tangu siku ile hakusimama mlangoni mwa jiko. Mkate uliiva, harufu ikajaa uani, na Zamda hakuja kunusa. Bi Chausiku hakuelewa. Chombo kizuri vile, na mtoto anazidi kuwa mbali? Siku moja alijikuta anasema moyoni kwamba mtoto huyu hana shukrani. Ndiyo, alisema hivyo. Sisi watu wazima tu wepesi sana wa kudai shukrani.

Ikafika alasiri moja, Bi Chausiku akaenda msibani nyumba ya pili. Alimwacha Zamda anacheza uani, na Mama Shali anamsikilizia kutoka upande wa pili wa ua. Aliporudi, ua ulikuwa mtupu. Aliita. Akaita tena. Mama Shali akasema alimsikia mtoto sasa hivi tu, sasa hivi! Wakageuka wote wawili kutazama kisima, nacho kilikuwa wazi, maana mtu alichota maji akasahau kufunika. Bi Chausiku alikimbia, akainama juu ya shimo. Aliona maji, na ndani ya maji aliona kichwa chake mwenyewe. Akapiga ukelele ambao mtaa mzima uliusikia.

Watu walikuja kutoka msibani kama walivyokuwa. Mmoja akafungwa kamba akateremshwa kisimani. Wengine wakakimbilia barabarani, huenda mtoto kafuata mabasi yanayokwenda kwa mama yake. Bi Chausiku alizunguka uani akishika hiki na kuacha kile. Nitamwambia nini mwanangu? Alisema neno hilo tu, tena na tena. Hatimaye akaamua kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa kuwa kanga yake ilikuwa imemponyoka na kukanyagwa, aliingia stoo kutafuta nyingine ya kujitanda.

Kanga ilikuwa chini, imefunguliwa. Nyuma ya gunia la mchele lilikuwapo lile sufuria, na ndani ya sufuria alikuwa amelala Zamda, magoti kifuani, shavu juu ya magoti, anakoroma.

Bibi alikaa papo hapo sakafuni, akalia, akacheka, akalia tena, na pumzi ilipomrudia akapaza sauti: Yupo! Jamani yupo, yupo! Habari ikaruka ukuta ikafika barabarani. Yule wa kisimani akavutwa juu, kalowa mpaka kifuani, anatetemeka kwa baridi na furaha, akasema heri kulowa bure. Mama Shali akaenda mwenyewe kukifunika kisima, akaweka na jiwe juu yake. Wote wakajazana kwenye mlango wa stoo wamtazame mtoto aliyewatoa roho, na hakuna aliyemkaripia.

Zamda aliamka, akaona vichwa vingi, akadhani kakosa. Akaanza kutoka ndani ya sufuria upesi. Bibi akamzuia, akamuuliza kwa upole anafanya nini humu. Mtoto akaeleza kwamba huja kila bibi akilala mchana. Huingia, hukaa, hutazama kama amelijaza. Leo usingizi ulimchukua. Kisha akainua macho akasema:

"Bibi, mimi nakua polepole. Hakuna sufuria la mtu mdogo?"

Bi Chausiku akalitazama lile sufuria, akaona alilofanya. Alikuwa amempa zawadi mwanamke fulani wa miaka mingi ijayo, ambaye hajamwona wala hajui kama atamwona, na huyu aliyekuwa mbele yake, mwenye njaa ya kushika kitu, hakumpa chochote. Akamfuta mtoto vumbi la mchele usoni. Akajitanda kanga, akamshika mkono, wakatoka.

Mzee Mbaruku alikuwa anataka kufunga. Safari hii hakuuliza ukubwa. Alichukua viganja vya mtoto, akavilaza juu ya kipande cha bati kilichobaki, akazungusha chaki. Kabla ya magharibi kisufuria kilikuwa tayari, cha kutosha mkate wa kiganja kimoja, na kifuniko cha kubeba vijikaa viwili. Zamda alikibeba mwenyewe njia nzima, na kila aliyepishana naye alionyeshwa.

Asubuhi bibi aliwasha moto, mtoto akamimina. Alimwaga kidogo nje, akafunua kifuniko kabla ya wakati, akafunua tena. Mkate ukatoka umeungua upande mmoja na upande wa pili haujaiva vizuri. Bi Chausiku aliula wote, palipoungua na pasipoiva, akakung'uta vidole, akaomba mwingine. Na Zamda akacheka! Alicheka kwa sauti mpaka Mama Shali akachungulia juu ya ua kuona kuna nini. Mama yake alipopiga simu kutoka Mtwara siku hiyo, hakupata nafasi ya kuuliza hali. Alisimuliwa habari za mkate, mwanzo mpaka mwisho, na mwishowe mtoto akamuaga upesi kwa kuwa makaa yalikuwa yanapoa. Mama huyo alilia huko aliko, lakini safari hii kwa faraja, akarudi kazini.

Sufuria kubwa halikutupwa. Lipo, na siku yake ikifika litapikiwa, Mungu akipenda.

Nanyi mlioketi hapa, najua majumba yenu. Humo mna neno jema limefungwa kwa kanga, mna imani ya kumtuma mtoto kazi ya maana, mna sala ambayo hajafundishwa, mna kumbatio, na vyote viko nyuma ya gunia, kwa sababu mtoto ataelewa akikua. Wengine kati yenu wamepita kando ya kisima hicho hicho cha kumpoteza mtoto, wakarudi salama, wala hawajui. Basi mwanao hana mkono mwingine ila huu mdogo alio nao leo. Umetia nini ndani yake?