Mkanda wa Mbwa na Zamu za Mbuzi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na betri, na walikuwa na mikutano. Betri ziliisha. Mikutano haikuisha.

Mbwa alilinda watoto wa mbuzi. Alilinda asubuhi, alilinda mchana, akalala watoto wamembana tumboni. Alichoka, lakini kazi aliipenda. Kasoro yake moja tu: akimwona kanga, humwambii kitu. Kekekeke! kule, na Mbwa huyoo, vumbi mpaka mtoni, watoto wameachwa peke yao.

Mbuzi wakamwendea fundi Nungunungu. Nungunungu akajifungia miezi mitatu. Akatengeneza mkanda wa shingoni wenye betri, na rimoti yenye vitufe viwili. Alijijaribia kwanza pajani mwake mwenyewe. Akaruka. Akapunguza. Akajaribu tena, akapunguza tena.

"Kitufe cheupe ni mlio," akawaambia. "Tii! Mfundisheni huo kwanza. Akigeuka, msifuni, mpeni mfupa. Chekundu ni umeme. Huo ni kidogo tu, mara mojamoja, akiwa anamkimbiza kanga, basi. Rimoti ashike mmoja, asiye na hasira. Na jioni mvueni."

"Tumekusikia, fundi," akasema Beberu, mwenyekiti wa mbuzi. Hakuwa amesikia. Alikuwa akingoja nafasi yake ya kusema.

Akaitisha mkutano. "Rimoti ni yetu sote," akasema. "Tutaishika kwa zamu. Haki ni haki!"

"Haki!" wakaitikia mbuzi.

Basi kila siku mbuzi mwingine, na kila mbuzi na kosa lake. Wa Jumatatu hakupenda Mbwa ajikune. Tzzz! Wa Jumanne hakupenda apige miayo. Tzzz! Wa Jumatano hakuona kosa lolote, lakini zamu ilikuwa inakwisha, naye angesemwa kuwa hakufanya kazi. Tzzz! Kitufe cheupe hakuna aliyekigusa. Na jioni hakuna aliyemvua mkanda, maana kila mmoja alijua hiyo ni kazi ya mwenzake.

Mbwa akawaza. Kanga hawapo, nachomwa. Nimelala, nachomwa. Nikichomwa, ni nani yuko karibu? Akatazama. Watoto wa mbuzi, hawa hapa, wamembana tumboni.

Akasogea mbali nao. Watoto wakamfuata. Akasogea tena.

Mchana mmoja Bweha akaja. Hata kunyata hakunyata. Akamkamata mguu mtoto wa Mbuzi Madoa, yule mdogo. "Meee!"

Mbwa akainuka. Akapiga hatua moja.

"Kimbia, wewe!" Beberu, mwenye zamu siku hiyo, akapaza sauti, akabonyeza chekundu ili Mbwa aongeze mwendo. Tzzz! Mbwa akakaa.

"Kimbia!" Tzzz! Mbwa akalala, masikio chini.

"We mzee, acha hiyo rimoti! Mwanangu anaondoka!" akalia Madoa.

Beberu akabonyeza mpaka betri ikaisha. Bweha alikuwa ameshavuka mto, mdomo umejaa.

Nungunungu akaja. Akafungua mkanda. Chini yake, vidonda viwili.

"Chombo chako kibovu," akasema Beberu.

"Kivae."

"Mimi ni mwenyekiti!"

"Kivae na uenyekiti wako."

Beberu akakohoa, akasema ana udhuru, akaenda zake.

Madoa akamsogelea Mbwa. Mbwa akainuka, akaenda mbali. Madoa hakumfuata. Akakaa palepale na mtoto wake aliyebaki. Kesho yake akakaa tena. Keshokutwa tena.

Siku ya arobaini mtoto yule akatoka ubavuni kwa mama yake, akaenda akalala karibu na Mbwa. Si tumboni. Karibu tu. Mbwa akamtazama. Akatazama shingo ya mtoto, haina mkanda; akatazama mikono ya Madoa, haina rimoti.

Hakuinuka.

Funzo ni hili, wadogo kwa wakubwa: chombo cha kufundishia hakina akili, akili ni ya anayekishika. Na ukimuumiza mwenzako bila yeye kujua kwa nini, atajitafutia sababu mwenyewe, na huenda akaikuta kwa asiye na kosa.

Hadithi yangu imefika hapo, imeketi chini kupumzika.