Karibu ya Bi Kazija

Haya, niambieni: umemezwa na zimwi, kisha zimwi lako likamezwa na zimwi jingine. Umeokoka?

Msinitolee macho. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mji wa Gomani, ukakaliwa na zimwi la mlimani, lililokuwapo hapo kabla ya mji kujengwa. Likameza mbuzi, likameza wachungaji, likammeza Mishi, binti wa Bi Kazija. Zimwi halitafuni, humeza. Kila jioni mama alimsikia mwanawe humo tumboni: "Mama, nipo!"

Siku moja likaja zimwi la ng'ambo, kanzu nyeupe, adabu tele. Likasimama langoni.

"Hodi! Sikuja kula. Nimewaonea huruma tu. Hodi! Hodi!"

Mila ya Gomani hata mazimwi huifuata: asiyekaribishwa haingii. Na mgeni hatoki mpaka aliyemkaribisha amsindikize. Akitoka hivyo, huacha langoni kila asichokuja nacho, hata alichokimeza.

Kisha, nyuma ya mlango mmoja, sauti ya mwanamke: "Karibu."

Basi likaingia. Mazimwi yakapigana kutwa nzima, nusu ya nyumba zikawaangukia wenyewe. Mwisho la ng'ambo likalimeza la mlimani. Zimazima, na vyote vilivyomo.

Bi Kazija akalikimbilia. "Baba, litapike, nimpate mwanangu!"

"Subiri, bibi. Kwanza hali itulie."

Hali ikatulia. Zimwi likabaki. Likaanza na mbuzi.

"Mama, nipo!" Sauti sasa ilitoka mbali, kama ya mtu aliye kisimani, na kisima chenyewe kimefukiwa.

Jumbe Mbwana, mkuu wa mji, akawakusanya watu. "Nani alilikaribisha? Alisindikize!"

"Si mimi."

"Wala mimi."

Waliofiwa walikuwa wameshika mawe. Bi Kazija akayatazama mawe yale. "Si mimi," akasema.

Siku ya pili Jumbe akauliza. Si mimi. Siku ya tatu akauliza. Si mimi.

Basi, siku moja, langoni tena: "Hodi!"

Zimwi la tatu, kanzu nyeusi, kubwa kuliko yale mawili. "Nimekuja kuwaokoa na mwokozi wenu. Hodi! Hodi!"

La kanzu nyeupe likajikunyata. Kumbe lilikuwa limezeeka, na watu hawakuona.

"Afadhali hili jipya," Jumbe akanong'ona, akapanua kinywa. "Ka..."

Bi Kazija akamziba kwa kiganja.

"Una wazimu, mwanamke?"

"Likilimeza hili, Jumbe, mwanangu simsikii tena."

"Mama..." Sauti ilikuwa nyembamba mno. Neno la pili halikufika.

Mawe yalikuwa bado mikononi mwa watu. Bi Kazija akapita katikati yao, akalishika zimwi la kanzu nyeupe mkono. Mkono ulikuwa baridi.

"Twende, mgeni, nikusindikize. Mimi ndiye niliyesema karibu."

Hadithi yangu inakomea hapo, kwenye neno hilo. Anayekuja kukuokoa, muulize atatoka lini kabla hajaingia. Na kama mlango uliufungua wewe, sema.