Kwa Nini Tembo Hutiana Mkonga Kinywani

Kabla reli haijafika Voi, tembo walisalimiana kwa mbali. Aliyefika aliinua mkonga, wenyeji wakainua yao, kila mmoja akaendelea kula. Hayo yaliwatosha, kwa sababu hakuna aliyekwenda mbali kiasi cha kusahauliwa.

Katika kundi lililoishi chini ya Mlima Sagalla alikuwako ndama aliyeitwa Mghoi. Mama yake, Wakesho, ndiye aliyeliongoza kundi. Ndama huyo alikuwa na tabia moja: kila aliposinzia, alinyonya ncha ya mkonga wa mama yake, ingawa haikuwa na maziwa.

Watu wa sarakasi walimkamata, wakamsafirisha kwa gari la moshi, kisha kwa meli, hadi nchi za baridi. Huko walimwita Dotti. Mimi nitamwita Mghoi, maana ndilo jina lake. Walimfundisha kupanda kigoda na kupiga magoti mbele ya watazamaji, na asisimame mpaka apigiwe makofi. Alifanya hivyo mji baada ya mji kwa miaka ishirini. Alipochoka, wakamweka katika bustani ya wanyama, juu ya sakafu ya saruji.

Mtunzaji wake, Mwachofi wa Sagalla, alikuwa amesafiri naye tangu mwanzo. Aliwasihi wakubwa mwaka hata mwaka, mpaka wakakubali amrudishe kwao. Lakini walitoa sharti: kundi likimkataa, atarudi bustanini, na ombi hilo lisisikike tena.

Mwachofi alimshusha kando ya Mto Voi, akasimama mbali kidogo. Kundi lilipotokea, Mghoi akapiga magoti. Hiyo ndiyo salamu pekee aliyoikumbuka.

Tembo walirudi nyuma. Walisema ananuka sabuni na chuma. Mkamboi, mdogo wake Wakesho, akauliza, "Tangu lini wa kwetu akapiga magoti kama mwanambuzi anayenyonya?" Wengine wakacheka, wakageuka kwenda zao.

"Inuka, mama," Mwachofi akamwambia polepole. "Hapa hakuna watazamaji."

Mghoi hakuinuka. Alikuwa akingoja makofi. Mwachofi alilijua hilo, tena alijua kwamba akiyapiga, kundi lote litakimbia. Akaificha mikono yake nyuma.

Wakesho peke yake ndiye aliyerudi. Alitaka kujua mgeni huyu amekula majani ya wapi, basi akaingiza ncha ya mkonga wake katika kinywa kile. Alikuta ladha ya mkate na sukari, akataka kuutoa. Hapo Mghoi akafumba macho, akaanza kunyonya.

Wakesho akauacha mkonga humo humo.

"Ni wangu huyu," akasema. "Inuka, Mghoi."

Naye akainuka, pasipo kofi hata moja. Mkamboi akaja kwa haya, akaingiza mkonga wake kinywani mwa Mghoi, na wengine wakafuata mmoja mmoja.

Na tangu siku hiyo, tembo hawaamini tena salamu ya mbali. Hata walioachana asubuhi tu hutiana mkonga kinywani jioni. Na katika bustani za nchi za baridi, mtunzaji anapofungua lango la chuma kati ya tembo wawili wasiojuana, hilo ndilo jambo la kwanza wanalofanya, na hakuna aliyewafundisha.